Mama Alikwenda Mombasa Kuonja Maji

Ukikaa Voi na watu wakajua uliwahi kuishi Mombasa, basi umekwisha. Unageuzwa ofisi ya utalii isiyo na mshahara. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule karibu na soko, na ukutani kwangu hakuna hata picha moja ya bahari, lakini mtu akipanga kushuka Mombasa ni lazima apitie kwangu kwanza. "Mama, Jumamosi tunaenda na watoto. Tuanzie wapi?" Naweka mkasi chini, navua miwani, na hapo sasa nani ataninyamazisha? Nilikaa Mji wa Kale miaka kumi na mmoja nikishona mabuibui na kanzu, na vichochoro vyake nilivipita nikiwa na uzi mdomoni.

Ushauri wangu ni huu, na sijawahi kuubadilisha. Ngomeni usiende saa sita mchana, mawe yale yanachoma hadi ndani ya viatu. Nenda asubuhi, walinzi wenyewe wakiwa bado wanapiga miayo. Chai usinywe kwenye hoteli uliyolala. Tafuta mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi, na ukiona wanaume wa bandarini wamesimama wanangoja, jua umefika. Ferini vuka kwa miguu, nenda ng'ambo na urudi, na utauona mji vizuri kuliko waliokodi boti. Marikiti usinunue viungo kwa anayekuita kwa Kiingereza. Na ukipotea Mji wa Kale usihangaike na ramani ya simu, uliza mtu. Utapata njia, na ukiwa na bahati utapata na kahawa.

Watu wa milimani nina ushauri wao peke yao: sweta acheni nyumbani! Si mzaha. Nimewaona kwa macho yangu, watu wazima na akili zao, wakishuka kwenye basi pale Mwembe Tayari wamefunga vifungo hadi shingoni, jasho linawatiririka, na ukiwauliza wanakwambia huwezi kujua, labda jioni kutashuka ukungu. Ukungu, Mombasa!

Halafu kuna zile pembe kubwa za bati zilizovuka barabara katikati ya mji. Kila mtu anataka picha chini yake. Hapo huwa nacheka mpaka nashika mbavu. Ndovu wa kweli wanatukanyagia mahindi hapa hapa, tunawafukuza kwa kupiga masufuria, halafu tunapanda basi twende tukapige picha na pembe za bati! Lakini nendeni, siwazuii. Mimi mwenyewe ninayo picha hiyo, nimeiweka chini ya godoro.

Kwa hiyo nilijiona bingwa. Nilikuwa nikijibu hata kabla ya mtu kumaliza kuuliza, tabia ambayo marehemu baba alinionya niiache na sikuiacha. Mwaka juzi mama yangu akaja na ombi lake, na ubingwa wangu wote ukaniishia mdomoni.

Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Anaishi Wusi, kule milimani, kwenye boma tulikozaliwa, na migomba yake, ng'ombe wake mmoja na kundi lake la akina mama wa kanisa. Mombasa alikuwa hajafika hata siku moja. Watu wakisikia hivyo hushangaa, maana si mbali, lakini waulizeni akina mama wa rika lake wamefika wangapi. Ng'ombe angekamuliwa na nani? Miaka yote kumi na mmoja niliyokaa kule nilimwita, na kila mara alinijibu kwa maneno mawili: "Nifuate nini?"

Siku hiyo aliteremka na gari la asubuhi, akaingia dukani, akakaa kwenye benchi la wateja, kikapu chake magotini. Hakuuliza wajukuu hawajambo. Akasema, "Nipeleke Mombasa."

Roho iliniruka kwa furaha. Nikashika chaki ya kuchorea nguo na kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nikaanza kumpangia safari: Ngome, pembe, feri, kule ufukoni Laitihausi tukale mihogo ya pilipili. Nilipofika kwenye madafu akauweka mkono wake juu ya karatasi.

"Hayo nimekusikia ukiwaambia watu. Mimi nataka kuonja maji ya mfereji."

"Maji?"

"Ya mfereji. Yanayotoka kwa lile bomba la baba yako."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, sasa mama, safari ya nini? Maji ya hapa Voi nayo yanatoka Mzima, bomba ni lile lile, mtungi ule pale kona, kunywa ushibe. Akasema hapana. Alisema kwa ile sauti yake ya chini ambayo tangu utotoni tuliiogopa kuliko fimbo.

"Baba yako hakuniacha kwa ajili ya maji ya Voi. Alisema ya Mombasa."

Baba alikuwa mtu wa bomba. Kwa asiyejua: kuna bomba kubwa linalochukua maji kwenye chemchemi za Mzima, likapita nyikani kwa ndovu na simba, likateremka hadi Mombasa. Baba alikuwa mmoja wa wale waliolifuata kwa miguu kutafuta panapovuja. Kambini alilala wiki tatu, nyumbani siku tano. Sisi watoto tulimpokea kama mgeni wa heshima, maana ndiye aliyeleta sukari. Nilimpenda sana baba, nasema wazi, na alipofariki, miaka minne kabla ya hayo ninayosimulia, nililia hadi sauti ikakauka. Mama hakulia. Tukasema ni ushupavu.

Nusu ya suruali ya mtoto wa shule ilikuwa bado chini ya sindano mama alipoanza kunieleza. Kwamba niliwahi kuwa na kaka, hilo nilijua. Kuna kaburi dogo nyuma ya nyumba, na tulikatazwa kucheza pale. Zaidi ya hapo hatukuuliza, kwetu mambo kama hayo hayaulizwi. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Akashikwa na homa. Mama akatuma habari kwa lori la kazini, ikamfikia baba kambini. Ndovu walikuwa wamevunja valvu siku hiyo, maji yanaruka juu kuliko miti. Baba akatuma jibu kwa lori lile lile: nikifunga hapa nakuja, maji ya Mombasa yanangojwa. Mtoto akafa siku ya pili, akazikwa ya tatu. Baba akafika ya nne, matope mpaka magotini, mkononi ana kopo la maziwa ya unga aliyomnunulia mtoto njiani.

"Nikampikia," mama akasema. "Akala. Nimempikia miaka hamsini. Sikumwambia neno."

"Na yeye?"

"Yeye alisema, siku moja nitakupeleka Mombasa uone maji yakifika, utaelewa. Alisema kila mwaka. Hakunipeleka."

Nikamwuliza kwa nini sasa. Akanijibu kwa utulivu, utadhani tunapanga habari za kupanda maharagwe. "Mimi si wa kukaa sana. Na sitaki kumkuta huko nikiwa bado nimemkasirikia. Nimeomba, nimefunga, nimeungama, hasira iko pale pale. Alisema maji yanangojwa. Nataka kumwona aliyekuwa anayangoja."

Sikuweza kuikanyaga tena ile mashine siku hiyo. Nilimkasirikia baba, halafu nikamwonea huruma, halafu nikajikasirikia mwenyewe kwa kumhurumia. Lakini zaidi ya yote niliogopa. Ingekuwaje kama angeyaonja na yakawa maji tu? Angerudi Wusi na hasira yake ile ile, na safari hii asingekuwa na mahali pengine pa kwenda kuiacha.

Tuliondoka Ijumaa na basi la kwanza. Ndiyo, alivaa sweta. Aliomba kiti cha dirishani, akatazama upande ambao baba alimwambia bomba linapita chini ya ardhi. Hakukuwa na cha kuona ila vichaka na udongo mwekundu, lakini shingo hakuigeuza mpaka Mariakani.

Hapa nakiri kosa langu. Badala ya kumpeleka moja kwa moja kwenye mfereji, nilimzungusha. Nilijiambia maji hayakimbii, kwanza auone mji, labda roho yake italainika. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonyesha ninavyoijua Mombasa. Mtu na umri wangu! Basi tukaanzia kwenye pembe. Mama akasimama chini yake, akainua macho, akagonga bati kwa kidole, akasikiliza lilivyolia. "Hawa hawali mahindi ya mtu," akasema, tukaendelea.

Ngomeni alichangamka, lakini si kwa mambo ambayo wengine huchangamkia. Mizinga aliipita bila kuiangalia. Kwa mama mwenye kuongoza wageni aliuliza swali moja tu: waliofungiwa humu wakati wa vita walikunywa nini? Yule mama akatupeleka kwenye kisima kirefu, akatueleza kwamba maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuogea tu, na ya kunywa walikinga ya mvua. Mama akainama pale ukingoni muda mrefu mpaka wageni waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Mimi nimeingia Ngomeni mara zisizohesabika. Kisima kile sikuwahi kukitazama hata mara moja.

Kutoka hapo tukaenda Laitihausi. Nilikuwa nimeungoja wakati huo: atakapoiona bahari wazi kwa mara ya kwanza, atasemaje? Alisimama juu ya miamba, akatazama, akavua viatu, akateremka taratibu nikiwa nimemshika kwapa. Akachovya vidole, akalamba, akafinya uso.

"Yote haya," akasema, "na hayanyweki."

"Mama, ni bahari!"

"Najua ni bahari. Hawa watu wamezungukwa na maji wasiyoweza kuyanywa." Akanitazama. "Hukuwahi kuniambia hilo."

Kweli sikuwahi. Miaka yote nawaambia watu wapi pa kula viazi karai na ukwaju, wapi pa kukaa kivulini, na hilo halikunijia kichwani.

Tukiwa njiani kuelekea Mji wa Kale tukapishana na mkokoteni wa mitungi ya maji, na mama, bila kuniaga, akausimamisha kwa fimbo yake ya kutembelea kama askari wa barabarani. "Haya unayatoa wapi?" Mwenye mkokoteni akajibu, "Kisimani, mama." Akamwachia njia. Hatua ishirini mbele akausimamisha wa pili. Kisimani pia. Wa tatu nikashindwa kuvumilia. Jua la saa saba, watu wanatutazama, mama yangu amevaa sweta ya sufu anakagua mikokoteni ya watu!

"Mama, nimekuleta kutembea! Unaniaibisha!"

Alisimama. Hakupaza sauti. "Wewe umenionyesha mji tangu asubuhi, na nimeuona, ni mzuri. Mimi niliomba maji."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijiona nimefanya lile lile alilolifanya baba: kumwambia angoje kwanza. Nikamwomba msamaha pale pale barabarani, nikamshika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu miaka ile. Namwita hivyo kwa heshima. Mpaka leo nikimpigia simu ananiita mwanangu. Anakaa kwenye nyumba ile ile ya kichochoroni, vyumba vinazunguka ua mdogo, na ukutani mwa ua kuna mfereji mmoja. Tulimkuta amempakata mjukuu wake, mtoto wa kike wa mwaka mmoja na kitu, analia kilio kile cha kuchoka. Shingo na mgongo vilikuwa vimejaa vipele vya joto.

"Karibuni, karibuni! Shikamoo mamangu, karibu sana, hapa ni kwako," akamwambia mama, ingawa hawapishani sana kwa umri. "Nisameheni, mtoto huyu amenitoa jasho. Ana siku tatu hajaoga sawasawa, nampangusa kwa kitambaa. Maji ya kisima namwogopea, yamzidishia vipele. Nangoja ya mfereji."

Mama aligeuka kunitazama. "Yanakuja lini?" nikauliza.

"Zamu yetu leo, baada ya alasiri. Yakija. Mara nyingine hayaji."

"Na yanatoka wapi?" mama akauliza.

"Mzima, mamangu. Sisi tangu wadogo twajua hivyo. Ya Mzima ndiyo maji matamu." Alisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja siku ya leo ni siku gani.

Mimi najua maji ya Mombasa huletwa kutoka sehemu zaidi ya moja, na ya nyumba ile siwezi kuapa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na neno la kuongeza juu ya Mombasa na sikuliongeza. Mama akakaa kwenye baraza ya ndani, akavua sweta hatimaye, akaikunja, akaiweka kando.

"Tutangoja," akasema.

Tulingoja. Bi Mkubwa alituletea kahawa na kashata. Mama alimwuliza maswali mengi, akiyatafuna taratibu pamoja na ile kashata: mtu mmoja anahitaji ndoo ngapi, wa ghorofani wanapandishaje, maji yakikatika mwezi wa Ramadhani futari inapikwa na nini, maiti inaoshwa na nini. Hilo la mwisho niliona haya kulisikia, lakini Bi Mkubwa hakukasirika. Alijibu yote. Alasiri ikaadhiniwa, ikaswaliwa. Mfereji kimya. Nilikuwa nazunguka ule ua, nimesimama, nimekaa, nimeufungua mfereji, nimeufunga. Kilio cha yule mtoto kiliniingia kichwani. Mama naye hakuacha kumtazama mtoto, na mimi nilijua alichokuwa anakitazama, na nilishindwa kumsaidia.

Halafu mfereji ukakohoa.

Ukatoa pumzi, ukatema maji mekundu ya kutu, ukakatika, ukakohoa tena. Kabla hatujasema lolote, sauti ya mwanamke ikapasuka kichochoroni, "Yaja! Maji yaja!" na nyumba ya pili ikaitika, na ya tatu. Milango ikafunguka. Salaale, kelele zile! Ndoo zinagongana, mapipa yanaburutwa, mtu wa ghorofani anaita mwenzake aruke na beseni, mzee mmoja anacheka peke yake barazani. Bi Mkubwa, ambaye magoti yanamsumbua mwaka wa tano huu, alikimbia. Nilimwona akikimbia! Akaweka beseni chini ya mfereji, maji yakatakata, akamvua mtoto, akamkalisha ndani.

Mtoto akanyamaza. Akaupiga uso wa maji kwa kiganja, akashtuka mwenyewe, akapiga tena. Akacheka.

Mama alikuwa ameinuka. Akaomba kikombe, akakinga, akanywa funda moja, akalishikilia kinywani muda kabla ya kulimeza. Hakusema ni matamu wala si matamu. Akamwambia Bi Mkubwa, "Naweza?" Akapiga magoti kwenye sakafu ile iliyolowa, mwanamke wa miaka sabini na minane, akachota maji kwa kiganja, akammwagia mtoto kichwani, polepole, akimfunika macho kwa mkono wa pili yasimwingie. Alifanya hivyo mara nyingi.

Kisha akanywa funda la pili, akageukia ukutani, akalipuliza lote nje.

Bi Mkubwa akaruka. "Yana chumvi? Mamangu, hayana chumvi haya! Au kikombe kilikuwa na sabuni? Ee Mola, nimemtia mgeni sabuni!" Akamnyang'anya kikombe akakinusa. Nilikuwa nimeliona jambo lile mara moja tu, nikiwa mdogo sana, bibi mzaa baba akilifanya.

Kwetu sisi Wadawida, watu wa milimani kule Wusi, linaitwa kutasa. Kanisani tulifundishwa kutolizungumza. Aliye na hasira na mtu wake wa nyumbani huchukua maji kinywani, au pombe ya miwa, akayapuliza nje, akaitaja hasira yake wazi na kumwombea mema yule aliyemkosea. Ukificha hata kidogo haifai kitu. Ni lazima uitaje yote, na mtu asikie. Nikamshika Bi Mkubwa mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Maji yako ni mazuri, Bi Mkubwa. Mwache kidogo. Anasema na marehemu baba, aliyekuwa akiziba lile bomba la Mzima."

Mama akasema kwa Kidawida, na mimi nikamtafsiria Bi Mkubwa kwa Kiswahili, huku nikilia kiasi kwamba sijui alielewa nusu au robo.

"Mume wangu, nilikukasirikia. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kusema baba, wiki ile ile. Alikuita mpaka akachoka. Nilimwambia anakuja. Nilimdanganya, na ni wewe uliyenifanya nimdanganye. Nimekupikia na hasira. Nimekuzalia watoto wengine na hasira. Nimekuzika na hasira. Leo naitoa hapa, mbele ya Mungu na mbele ya mtoto wa watu." Akanywa, akapuliza tena. "Lala salama."

Halafu akalitaja jina la kaka yangu. Nina miaka hamsini na minne, na sikuwahi kulisikia.

Bi Mkubwa alimwacha mjukuu ndani ya beseni akaja kukaa chini kando ya mama, kwenye maji yale yale, buibui lake likalowa. Kisha akasema, "Nilipokuwa mwari, maji yakikatika walikuwa wakituambia bomba limepasuka huko Voi, ndovu. Tukakasirika, tukanung'unika. Siku ya pili au ya tatu yakarudi. Wallahi, mamangu, sikuwahi kujiuliza yupo nani huko anayeliziba."

Mama akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amegundua kwamba maji yanaweza kurushwa na sasa alikuwa anatulowesha sote watatu.

"Alikosea," akasema. "Ilimpasa aje kwa mwanawe. Mpaka leo nasema alikosea." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Lakini maji yalifika."

Akainuka bila kuniomba mkono, akakinga kikombe kingine mferejini, akanywa chote.